Mwongozo kamili: kurudia kuangalia The Twilight Zone bila kuishia njiani

Jamani, The Twilight Zone ni ile tamthilia ya zamani ya Marekani ya hadithi za ajabu na za kutisha, kila episodi hadithi yake, na hii naiandika kwa sababu nimechoka kujibu swali lile lile. Mtu anakuja, anasema "nimejaribu kuirudia The Twilight Zone nikaacha episodi ya saba, mbona haitishi tena?" Mwingine anasema kalala. Mwingine kaanza msimu wa kwanza mwanzo kabisa, ana nia ya kumaliza zote, wiki ya pili hana hamu hata ya kusikia ule muziki.

Wote mnakosea sehemu moja. Mnaiangalia kama mara ya kwanza, mnasubiri siri ya mwisho ije iwashtue, na siri mnaijua tayari. Lazima iboe. Kurudia ni kazi tofauti, unaingia ukijua mwisho ili uone jinsi walivyokudanganya tangu mwanzo. Ukilielewa hilo, kilichobaki ni mpangilio tu, na mpangilio ndio huu hapa.

Angalizo: huu ni mwongozo wa waliokwisha kuiona. Humu nataja miisho bila huruma, kwa hiyo kama hujawahi kuiangalia acha kusoma hapa, nenda kaangalie kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kopi halali ya tamthilia yenyewe, ile ya CBS ya 1959 hadi 1964, nyeusi na nyeupe.
- Skrini yoyote. Simu inafaa ila ukubwa wa laptop ndio raha.
- Hedifoni au spika nzuri. Kati ya vyote hivi, hii usiipuuze.
- Daftari na kalamu. Usitumie simu kuandika, nitaeleza kwa nini.
- Usiku 6, kila usiku kama saa moja na nusu hivi.
- Mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona kabisa. Siyo lazima, ila ukimpata umepata dhahabu.
- Kama unatumia bando, pakua mapema kama huduma yako inaruhusu. Picha ikikwama kwenye dakika ya mwisho ya episodi ya dakika 25 umeharibu kila kitu.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeshika yenyewe

Inaonekana hatua ya kijinga lakini nusu ya waliokwama walikwama hapa. Jina hilo lina tamthilia nne. Kuna ya 1959 tunayoitaka, kuna ya 1985 mpaka 1989 yenye rangi, kuna ya 2002 ambayo mtangazaji wake ni Forest Whitaker, na kuna ya 2019 ya Jordan Peele. Juu ya hapo kuna sinema ya 1983. Ukitafuta jina tu unaweza kuangukia yoyote, halafu unakuja kulalamika eti haifanani na unavyoikumbuka.

Angalia mwaka. Angalia kama Rod Serling yupo, yule bwana wa suti anayeongea mwanzo na mwisho. Huyo ndiye aliyeianzisha, na kati ya episodi 156 aliandika 92 mwenyewe.

Halafu angalia urefu. Episodi za msimu wa 1, 2, 3 na 5 ni dakika 25 hivi. Za msimu wa 4 ni dakika 51. Ukiona 24 usihofu, kopi za Ulaya hukimbia kidogo, kama asilimia 4. Ila ukiona 21 au 22, hiyo imekatwa ili matangazo yaingie, na wakikata wanaweza kukata vile vipande vya mwanzo vinavyoonekana havina kazi, ambavyo sisi ndivyo tunavifuata.

Utajua umefaulu: ukifungua episodi yoyote ya msimu wa kwanza ni nyeusi na nyeupe, ina dakika 25, na sauti ya Serling unaisikia mwanzo na mwisho.

## Hatua ya 2: Rekebisha TV kabla hujabonyeza chochote

Picha ya zamani ni nne kwa tatu, yaani karibu na mraba, na inaacha nafasi nyeusi kushoto na kulia. Iache hivyo. Kuna watu hawavumilii nafasi hizo, wanaivuta ijae skrini, basi nyuso zote zinakuwa pana kama maandazi, na tamthilia hii nusu ya kazi yake iko kwenye nyuso.

Zima pia ile setingi ya TV za kisasa inayolainisha mwendo. Inafanya filamu ionekane kama taarifa ya habari.

Mwanga usipandishe. Najua unataka kuona kila kitu, ila kwenye hizi episodi giza limepangwa, mpiga picha wao George Clemens alikuwa fundi wa vivuli, na kuna sehemu *hutakiwi* kuona. Ukipandisha mwanga unamvua nguo mchawi.

Mwisho, zima ile kitu ya kujirukia episodi inayofuata. Hii ni muhimu kuliko unavyodhani, maana Serling anafunga kwa maneno yake baada ya pigo la mwisho, na programu nyingi hukurusha mbele hajamaliza kuongea.

## Hatua ya 3: Sahau 156, chukua 12

Piga hesabu. Episodi 138 za dakika 25 na 18 za dakika 51 zinakupa kama saa 73. Hakuna mwenye kazi na familia atakayezimaliza bila kuichukia. Na kusema ukweli siyo zote nzuri, kuna za kuchekesha ambazo hazichekeshi, na msimu wa 4 wenye saa nzima nzima unavuta miguu sana kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa ya nusu saa.

Zangu ni hizi 12, nimezichagua kwa kutisha na kwa kulipa ukizirudia. Jumla yake ni saa 5 tu. Nimezipanga kwa jozi, mbili kwa usiku mmoja, na jozi ndiyo siri ya mwongozo mzima kwa sababu episodi ya pili inakufundisha kuisoma ya kwanza.

Usiku wa 1: The Hitch-Hiker na The After Hours (zote msimu wa 1, 1960)

Usiku wa 2: Eye of the Beholder (1960) na The Invaders (1961), msimu wa 2

Usiku wa 3: Long Distance Call (msimu wa 2) na It's a Good Life (msimu wa 3), zote 1961

Usiku wa 4: Twenty Two (msimu wa 2, 1961) na Nightmare at 20,000 Feet (msimu wa 5, 1963)

Usiku wa 5: The Dummy (msimu wa 3, 1962) na Living Doll (msimu wa 5, 1963)

Usiku wa 6: The Monsters Are Due on Maple Street (msimu wa 1, 1960) na To Serve Man (msimu wa 3, 1962)

Mtauliza mbona ile ya karani wa benki na miwani haipo. Time Enough at Last naipenda, ila kila mtu anaijua mpaka imekuwa kama methali, iweke usiku wa saba.

Onyo: zisizidi mbili kwa usiku. Ya tatu inaua ya kwanza, asubuhi utakuta umechanganya nani alikufa wapi.

## Hatua ya 4: Angalia ukiwa na swali moja tu

Hapa ndipo daftari linaingia. Kabla hujaanza andika juu ya ukurasa: *nani anajua tayari?* Basi. Usiandike muhtasari, usihesabu nyota. Kila ukisikia neno au ukiona kitu kinachoonyesha mtu fulani kwenye hadithi anajua siri, au hadithi yenyewe inakuambia siri waziwazi, andika mstari mmoja.

Simu usiitumie kwa sababu ukiishika tu utafungua kitu kingine, na mwanga wake usoni unafuta lile giza la kwenye picha.

Nikupe mfano wa usiku wa kwanza ujue naongelea nini. The Hitch-Hiker, dada anaitwa Nan Adams anaendesha gari kutoka New York kwenda Los Angeles, na kila anapopita anamkuta mzee yule yule barabarani anaomba lifti. Mwisho anapiga simu nyumbani anaambiwa mama yake kaanguka kwa mshtuko baada ya bintiye kufa ajalini Pennsylvania siku sita zilizopita. Sawa, unajua. Sasa rudi mwanzo kabisa, fundi anambadilishia tairi pale Pennsylvania, anamtania kwamba kwa ajali kama ile hakupaswa kuitiwa fundi, alipaswa kuitiwa gari la maiti. Dakika za mwanzo hizo! Wamekupa jibu mkononi na wewe ukacheka na fundi.

Halafu unaunganisha na The After Hours. Marsha White anaenda dukani kununua kastabini ya dhahabu ya kushonea, ampelekee mama, anapandishwa ghorofa ya 9, ghorofa tupu isiyo na kitu ila hiyo hiyo kastabini. Muuzaji anamwita Miss White, anamuuliza kama ana furaha. Dada wa watu anaona kaingiliwa mambo yake. Ukirudia, lile swali linakuwa la mtu wa nyumbani anayemuuliza ndugu aliyechelewa kurudi safari, kwa sababu Marsha ni sanamu ya dukani iliyopewa mwezi wake wa kuishi nje na ikasahau kurudi. Wanawake wawili, usiku mmoja, wote hawajui wao ni nani, na wote waliambiwa mapema.

Utajua umefaulu: mwisho wa usiku wa kwanza una mistari isiyopungua mitatu, na angalau mmoja umekufanya useme "ahaa" peke yako kama mwehu.

## Hatua ya 5: Rudia dakika 5 za mwanzo papo hapo

Hii ndiyo watu wanairuka na ndiyo yenye utamu wote. Episodi ikiisha, Serling akimaliza kuongea, usisimame. Rudisha mwanzo, angalia dakika tano za kwanza tena, halafu ndio uende ya pili.

Sababu ni kwamba waandishi walikuwa na dakika 25 tu, hawana nafasi ya kupoteza, hivyo siri wanaipanda mapema sana. Maple Street kwa mfano, mtaa umekatikiwa umeme, watu wamesimama nje, na wa kwanza kutaja kwamba kuna familia ya wageni kutoka angani imejificha kati yao ni mtoto aliyesoma hadithi kama hiyo. Watu wazima wanamcheka. Dakika chache baadaye watu wazima hao hao wanapigana risasi. Ukiziangalia zile dakika za mwanzo baada ya kuona mwisho, kile kicheko chao kinatisha kuliko wale wageni wenyewe.

## Hatua ya 6: Usiku wa 2, funga macho

Eye of the Beholder ina njia yake, fuata hivi. Iangalie kawaida mara moja. Hadithi unaikumbuka, Janet Tyler kafungwa bandeji uso mzima, hii ni mara ya 11 wanajaribu kumrekebisha sura, bandeji zikitoka ni mrembo, na madaktari ndio wenye pua za nguruwe.

Sasa rudisha, vaa hedifoni, fumba macho, sikiliza dakika kumi. Mwongozaji Douglas Heyes hakuweza kukuonyesha nyuso, kwa hiyo alichagua waigizaji kwa sauti. Sauti za daktari na nesi ni za upole, za watu wema, ungependa wakuuguze wewe. Hata huyo Janet ni watu wawili, aliye ndani ya bandeji ni Maxine Stuart na anayetokea zikifunguliwa ni Donna Douglas.

Kisha The Invaders, ambayo mwongozaji ni Heyes huyo huyo na kafanya kinyume chake. Hapa uso unauona muda wote, Agnes Moorehead, ila hatamki neno hata moja. Kibibi peke yake shambani anapigana na vijitu vidogo vilivyoshuka na chombo. Mwisho unasoma kwenye chombo kwamba vijitu ni Wamarekani, jitu kubwa ni yeye. Mara ya kwanza ukimya wake ulikufanya umwonee huruma, si ndiyo? Angeongea tu lugha yake ungejua siyo mwenzetu. Ile ya kwanza walificha sura, hii wakaficha sauti, na usiku mmoja unatosha kuona ufundi wote wa huyu bwana.

## Hatua ya 7: Usiku wa 3 na wa 4, usidhani kopi yako ni mbovu

Long Distance Call na Twenty Two zinaonekana tofauti na nyingine, picha laini laini kama kipindi cha studio. Watu hufuta kopi zao hapa. Usifute. Msimu wa 2 CBS walikuwa wanabana matumizi, episodi sita zikarekodiwa kwa mkanda wa video badala ya filamu, na hizi ni mbili kati yake. Mimi naona zinapata kitu, ule ubapa wa picha unafanya nyumba ya Long Distance Call ionekane nyumba kweli.

Na hiyo ndiyo inayonitisha mimi kupita zote. Bibi anampa mjukuu simu ya kuchezea siku anatimiza miaka mitano, bibi anakufa, mtoto anaendelea kuongea naye kwenye simu, na bibi anamtaka aende alipo. Kwetu sisi mtu kuitwa na marehemu siyo hadithi ya kuelezewa, tumekua tunaambiwa ukiitwa usiku usiitike. Ukimaliza weka It's a Good Life, na angalia yule mtoto. Ni yule yule, Billy Mumy. Kwenye ya kwanza ni mtoto anayeonewa na mkubwa kwa jina la upendo, kwenye ya pili ni Anthony mwenye miaka sita anayefuta watu kwa kuwaza tu, akiwatuma shamba la mahindi wakimuudhi kidogo, na kijiji kizima kinamwambia umefanya vizuri Anthony, vizuri sana.

Angalia jambo moja hapo. It's a Good Life haina siri ya mwisho. Serling anakuambia kila kitu mwanzoni, mtoto ni nani na anafanya nini. Ndiyo maana hairudi kuboa hata ukiiona mara ishirini. Ukikwama kwenye mwongozo huu wote, hamia kwenye hii.

Twenty Two na Nightmare zote mbili ni ndege na mtu aliyeambiwa "wewe unaumwa". Kwa swali lako la daftari, usiandike anachoona mgonjwa, andika jinsi wazima wanavyomjibu.

Onyo: hizi za watoto usiangalie na watoto. Long Distance Call mtoto anajipeleka kwenye hatari makusudi. Living Doll nayo, ukishaiangalia na mtoto mwenye mdoli unaoongea, utanunua mdoli mwingine.

## Hatua ya 8: Maandishi ya chini, washa halafu zima

Waigizaji wa enzi ile wanaongea haraka, kwa hiyo washa maandishi ya chini, hamna aibu. Lakini dakika tano za mwisho zima. Maandishi hutangulia sauti, unasoma kabla mtu hajatamka. To Serve Man, ile ya wageni kutoka angani na kitabu chao chenye jina hilo, inakufa kabisa kwa njia hii, unasoma "ni kitabu cha mapishi" wakati dada bado anakimbia kuelekea kwenye chombo.

Na hiyo ukiwa unamtafsiria mtu wa pembeni, usihangaike kueleza mchezo wa maneno kwa nusu saa. Kiswahili kinao wake: kitabu kilidhaniwa ni cha kumwandalia binadamu, kumbe ni cha kumwandaa. Silabi moja tu.

## Hatua ya 9: Mkalishe mgeni, umwangalie yeye

Kama umempata mtu asiyeijua, mwalike usiku wa 2 au wa 5. Wewe siri unaijua, kwa hiyo kaa pembeni uangalie uso wake. Utaona sekunde anapoanza kushuku, na kwa Living Doll sekunde hiyo haifanani kwa watu wawili. Wapo wanaomwogopa Talky Tina, yule mdoli, tangu anaposema hampendi baba wa kambo, wapo wanaodhani muda wote kwamba baba ndiye kichaa. Muziki wa hiyo ni wa Bernard Herrmann, na mimi huwa naona mtu anajikunyata kwa muziki kabla ya mdoli.

Onyo kubwa: funga mdomo. Usiseme "subiri uone". Usiseme "hapa angalia vizuri". Mimi nilimwambia shemeji yangu, kwenye Eye of the Beholder, "umeona madaktari hawaonyeshwi sura?" nikidhani namsaidia. Akanigeukia akasema "kwani ni wanyama?" Dakika ya nane. Tukakaa dakika 17 zilizobaki tukiangalia kitu ambacho kimeshaisha.

## Ukikwama

Umelala katikati. Umeanza saa tano usiku baada ya kula ugali. Anza saa mbili na nusu, kula baadaye.

Haikutishi hata kidogo. Angalia daftari. Kama halina kitu, ulikuwa unasubiri mwisho. Rudi hatua ya 4 na uanze na It's a Good Life.

Umekosa msimu wa 4 kwenye huduma yako. Wala usiutafute, kwenye orodha yangu haupo.

Umeme umekatika. Usiendelee ulipoishia. Anza upya, ni dakika 25 tu. Living Doll ilinikatikia pale baba anatoka chumbani usiku na mdoli umelala kwenye ngazi, na nilikaa gizani karibu saa nzima nikisikiliza jirani anavuta kamba ya jenereta, anavuta, anavuta, haiwaki.